Mwalimu Mutie na Mfalme wa Samweli

Muthoki alianza kumpa jirani yake Mbula habari mtoni, kabla hata hajatua kibuyu chake mchangani. Alisema Mwalimu Mutie, mwinjilisti wao wa Matinyani, amemtukana chifu kanisani, na maneno yenyewe ameyatunga kichwani mwake akayabandika jina la Samweli.

"Wewe mwenye kusoma, Mama Kiilu, hebu niambie. Hicho kitabu chako kina Samweli?"

Mbula alimpangusa mtoto udenda. Kitabu chake cha Kikamba, kama cha kila mtu pale, kilikuwa Agano Jipya tu. La Kale lilikuwa halijachapwa bado kwa lugha yao. Wafalme na manabii waliwajua kwa mdomo wa Mutie, aliyefungua Biblia yake ya Kiswahili akawageuzia maneno kwa Kikamba.

Biblia hiyo alirudi nayo kutoka vitani Bama, kule Asia, alikokuwa mpishi wa jeshi, na kusoma alifunzwa huko huko na mwenzake kutoka Taveta. Wenziwe waliorudi waliomba uaskari. Yeye alikata viatu vya matairi sokoni, akalima mbaazi, na Jumapili akahubiri bila kulipwa.

Jumapili ile alieleza jinsi watu walivyomwendea Samweli kuomba mfalme, naye akawaonya: mfalme huyo atawachukua wana wenu wamtumikie, binti zenu wampikie, mashamba yenu mazuri awape watumishi wake, na mifugo yenu sehemu ya kumi. Kanisa likanong'ona. Wiki hiyo hiyo watu wa chifu walikuwa wamewatoa vijana majumbani kwa nguvu kuchimba matuta, na dume la ng'ombe la jirani yao Mutunga wakaondoka nalo, halijarudi.

Jioni Kivuva, mume wa Mbula, aliyekuwa askari wa chifu, alivua kofia akaiweka juu ya pipa. Alisema chifu amekasirika. Ijumaa Mutie alete kitabu barazani, asome mwenyewe mbele ya watu. Maneno yasipoonekana, atapelekwa Kitui kwa D.C., mkuu wa wilaya, kama mchochezi. Na mwaka ule wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka waasi, aliyepelekwa kwa neno hilo hakurudi upesi.

Mbula hakulala vizuri. Alijua jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kwa miezi, akiwa amekaa mbele na mtoto kifuani, alimwona Mwalimu akisoma Samweli huku kitabu kiko wazi kwenye Zaburi. Macho yake yalikuwa yameishiwa nuru. Alihubiri maneno aliyoyakariri, kurasa akizifungua kwa desturi tu.

Alhamisi asubuhi Mutie alikuja, akipapasa ua kwa fimbo, akamkuta Mbula akipepeta mahindi. Alikataa uji. Alikaa kwenye kigoda, Biblia magotini.

"Wewe umeniona, najua," alisema. "Mtu anayesoma hutazama kitabu cha mwenzake."

Mbula alikiri. Akamuuliza kwa nini asimwombe mwalimu wa shule amsomee barazani.

"Nilimwendea jana. Ameshikwa na homa, na homa yenyewe itaisha Jumamosi."

Mbula alicheka bila kutaka, kisha akakumbuka. "Mwalimu, mume wangu ndiye atakayesimama nyuma ya kiti cha chifu."

"Najua. Nimekuja akiwa kazini kwa sababu hiyo. Ukikataa, sitasema nilifika hapa."

Alimpa kitabu. Mbula, aliyekijua Kiswahili pia, akatafuta, akapata, akasoma kimoyomoyo. Yote yalikuwepo: wana, binti, mashamba, mifugo. Na chini yake palikuwa na jambo ambalo Mutie hakulifikia Jumapili, kwamba siku hiyo watu watalia kwa sababu ya mfalme waliyemtaka wenyewe, na Mungu hatawajibu. Alimsomea kwa sauti ya chini. Mtoto alikuwa akivuta ncha ya ukurasa, naye akamshika mkono.

Mzee aliinuka kwa fimbo yake.

"Kesho uje ukae kando yangu, mwanangu, uwasomee," alisema. "Soma polepole. Na hapo pa mwisho usiparuke, hata chifu akikuambia inatosha."