Siku Kiti cha Mama Kilipokwenda Chuoni

Darasani walimwita Shangazi, na hakuchukia. Wenzake walikuwa na umri wa kuwa wanawe; wengine ndevu ndiyo kwanza zinapiga hodi. Yeye aliacha masomo akiwa msichana, mama yake alipougua akapooza miguu. Baba alishafariki, mdogo wake wa kiume bado mtoto. Basi akabaki nyumbani. Akamwogesha mama, akampikia, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kwenda hospitali na kurudi, miaka ikakatika hivyo hivyo.

Mdogo wake alipokua, akapata kazi karibu na nyumbani na akaoa, mama akamwita binti yake chumbani.

"Iliyopooza ni miguu yangu. Wewe umepooza kwa nini? Nenda kasome."

"Kwa umri huu, mama?"

"Kwani huko wanaingia watu au wanaingia umri?"

Akaenda chuo cha ufundi, akachagua kupiga picha za video. Tangu zamani, kwenye sherehe za ukoo, yeye ndiye aliyekabidhiwa simu za watu, maana hakuwa na tabia ya kukata vichwa.

Mwalimu akawapa kazi ya darasa: kila kundi litengeneze video ya wimbo. Kundi la Shangazi lilikuwa na msichana aliyetunga wimbo mwenyewe, jina lake la utani Kinanda, na kijana mmoja mrefu kama mlingoti aliyejipa cheo siku ya kwanza, wakamwita Dairekta. Kamera akaishika yeye. Shangazi akapewa kushika nyaya.

"Zisije zikatutega," Dairekta akamwambia.

Akazishika. Hakununa, lakini jicho lake lilikuwa kwenye kamera.

Wimbo ulimhusu mtu anayeondoka bila kugeuka nyuma. Dairekta alitaka Kinanda atembee korido nzima ya chuo akiimba, kamera imfuate bila kukata hata mara moja. Wazo lilikuwa zuri, ila kila alipotembea na kamera, picha ilitikisika kama imepigwa juu ya punda. Wakajaribu asubuhi nzima. Kinanda akaketi chini, akavua viatu.

"Tukate vipande vipande tu, yaishe," akasema.

Ndipo Shangazi akafungua mdomo. "Nyumbani kuna kiti cha magurudumu cha mama. Anayepiga picha akae, asukumwe."

Wakatazamana. Dairekta akakuna kisogo. "Mama atakubali?"

Mama alikubali, kwa sharti. "Kiti changu kiende chuoni, mimi nibaki kitandani nakingoja kama mke wa baharia? Hakiendi bila mwenyewe."

Kesho yake akaja, amejifunga kanga mpya, anasukumwa na mwanawe wa kiume. Wakamhamishia kwenye benchi, mto mgongoni. Dairekta akajikunja kwenye kiti na kamera yake, magoti yakamfika kidevuni. Hawakufika mbali, miguu ikaburutika sakafuni, kiti kikaparamia ukuta.

Mama akacheka hadi akashika mbavu. "Baba, wewe ungefaa kuwa ngazi! Mwachie mwanangu."

Dairekta naye akacheka, akainuka, akampa Shangazi kamera. "Haya, Shangazi. Mimi nitasukuma."

Akaketi. Ilikuwa ajabu kukaa pale. Kiti alikijua kwa vishikio vyake tu, kwa nyuma, hakuwahi kukikalia. Akabana viwiko mbavuni, akaweka jicho kwenye kamera. "Kaza mkono wa kulia, kina tabia ya kuvuta kushoto. Na usiwe na haraka, umebeba mtu."

"Sawa, Shangazi."

Spika ikaanza wimbo. Walipofika katikati, mfagiaji akatokea mlangoni na ndoo, wakarudia. Halafu mama akapiga chafya, wakarudia tena. Kisha wakaanza upya, na safari hii hakuna aliyepumua. Kinanda aliimba kama kweli anahama, milango ikipita pembeni yake, picha imetulia tuli, hadi mwisho wa korido.

"Kata!" akaita Shangazi mwenyewe, na Dairekta hakudai cheo chake.

Siku ya kuonyesha kazi, ukumbi ulijaa. Video yao ilipokwisha, mwalimu aliuliza nani aliyepiga kipande cha korido.

"Shangazi," akajibu Dairekta, amesimama wima. "Mimi nilikuwa dereva tu."

Makofi yakapigwa. Kutoka mlangoni, kwenye kiti chake, mama akapaza sauti: "Huyo ni wangu! Nimemzaa mwenyewe!" Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi akafunika uso kwa viganja, lakini mabega yalimsaliti: yalikuwa yanacheka na kulia kwa pamoja.

Mwalimu aliwapunguzia alama kidogo. Mwisho wa korido palikuwa na dirisha, na kwenye kioo chake alionekana mpiga picha: mwanamke kwenye kiti cha magurudumu, kamera usoni, mlingoti wa kijana nyuma yake. Akawashauri wakikate kipande hicho cha kioo. Shangazi aliporudi nyumbani na video kwenye simu yake, akataka kukikata, mama alimnyang'anya simu.

Mpaka leo mgeni akiingia humwonyesha video hiyo, na ikifika kwenye kioo huisimamisha kwa kidole.

"Mwone," husema. "Mwone alivyokaa kama mtu mwenye kazi yake."