Pole ya Kocha

Jioni ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha maana ya neno ambalo nimelisema tangu utotoni. Wewe bado sijakubeba. Mama yako ananiambia kwenye simu umeanza kutambaa. Nakuandikia ili ukikua usome, na mwandiko wangu uuvumilie, shule niliishia darasa la saba.

Hapa Doha mimi ni dereva, namwendesha kocha wa timu moja ndogo. Ni mzee kutoka Amerika ya Kusini, na enzi zake aliichezea timu ya taifa ya kwao, beki wa kati. Mkali jamani! Siku hiyo tulifungwa moja bila. Mpira mwepesi kabisa ulimponyoka mikononi golikipa wetu, Nabil. Kocha akamwambia mbele ya wenzake wote, "Kesho usije. Khalas, basi." Nabil ana mke na watoto hapa, na huku timu ikikuacha unafunga mizigo urudi kwenu.

Tukatoka uwanjani, kule Umm Salal, kocha kiti cha nyuma, kainamisha kichwa. Nikamwonea huruma. Kwetu mtu akifungwa unampa pole, ndivyo tulivyolelewa. Nikalitafuta neno hilo kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikaambulia lile la kuomba msamaha: "Sorry, kocha."

Akashtuka. "Umefanya nini?"

"Hakuna, kocha."

"Umegonga gari?"

"Sijagonga, wallahi!"

"Simama!"

Nikasimama pembeni. Akashuka na suti yake, akalizunguka gari, akainama kukagua bampa, taa, hadi matairi. Kicheko kilinibana, nikaogopa kukitoa. Aliporudi akaketi mbele, ubavuni kwangu.

"Sadiki," akasema, ndivyo anavyoniita, yaani rafiki kwa Kiarabu, "kama hujakosa, unaniomba msamaha wa nini?"

Nikamweleza. Kwetu kuna neno, pole. Si lazima uwe umekosa ndipo uliseme. Unalisema kwa sababu mwenzako ameumia na wewe umeona.

Kisha akasimulia, macho barabarani. Ujanani, akiwa na jezi ya taifa, alijifunga goli lililowatoa mashindanoni. "Kwenye basi nilikaa peke yangu. Wenzangu walitazama dirishani. Nilingoja mmoja tu aniambie neno, neno lolote. Sasa ni mzee, nimefundisha timu huku na huku, na bado nangoja."

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Pole, kocha."

Akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Na leo mimi ndiye niliyetazama dirishani. Geuza gari. Yalla, twende!"

Nabil anakaa Al Thumama. Alipofungua mlango, sanduku lilikuwa wazi sebuleni, nguo za watoto juu yake. Kocha, ambaye sijawahi kumsikia akirudi nyuma kwa neno lake, akasimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Pole, Nabil."

"Nini?"

"Ni neno la dereva wangu. Maana yake nimeona ulivyoumia." Akakohoa. "Kesho mazoezi. Ukichelewa nakufukuza kweli."

Nabil akamvuta kifuani. Mimi nikajifanya natafuta funguo, na funguo nilikuwa nimezishika mkononi.

Mwanangu, mimi naota siku moja niwe kocha, na usinicheke. Lakini hata ndoto hiyo ikinipita, hili nakuachia. Ukimkuta mtu ameanguka, mpe pole yake kwanza. Makosa yake mtayazungumza akishainuka. Na ukishasema neno baya, usione haya kugeuza gari. Mlango wa uliyemuumiza usikushinde kuugonga, hata kama wewe ndiye mkubwa.

Mungu akukuze, akulinde mpaka nije nikubebe. Akujalie watu wa kukaa karibu nawe kwenye basi siku utakayofungwa, na wewe uwe mtu huyo kwa wengine. Amina.