Imamu Aliyeondoka na Ufunguo

Jumaine, imamu wa msikiti mdogo wa mtaa mmoja wa Butembo, alikuwa mtu ambaye hakuna kilichofanyika bila yeye, na alihakikisha iwe hivyo. Aliadhini, alisalisha, alifungisha ndoa na kuosha maiti. Alfajiri alishuka machinjioni kukata ng'ombe, kwa kuwa wauza nyama wa Butembo, karibu wote Waprotestanti, walijua kwamba nyama isiyokatwa na Mwislamu haitanunuliwa na Waislamu, na Mnande, mwenyeji wa huko, akiwa na biashara hakubali kupoteza mteja kwa sababu ya dini. Watu walimwambia kwamba siku akifa wataharibikiwa. Aliwajibu kwamba yote yako kwa Mungu, kisha akashinda siku nzima na furaha.

Umri ulikuwa unasonga, na alitaka kuacha kitu nyuma yake. Katika hotuba alipenda kukumbusha maneno ya Mtume kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Akifika kwenye sadaka, macho yake yalitoka dirishani na kutua kwenye msingi wa mnara aliouchimbisha. Halafu vita vikaja, na saruji haikuja. Msingi ulijaa mvua, na bata wa jirani wakaoga humo bila kuuliza ni wa nani. Kwenye elimu hakukaa sana. Kambere, mziba matairi aliyesilimu akiwa mtu mzima, alikuwa amemwomba zaidi ya mara moja amfundishe kusalisha. Jumaine alimwambia asubiri.

Wakati huo uasi ulikuwa umekatika vipande, kila kipande na rais wake, na Beni, mji wa jirani, nayo ilikuwa imepata serikali. Jumaine alikuwa na lori la kubebea mizigo; liliharibika huko, akaenda kulitafutia gia. Msikiti aliufunga na ufunguo akaubeba, askari wasije wakaugeuza kambi. Alisema atarudi kabla ya Ijumaa. Hakusema Ijumaa gani. Alipofika tu, mapigano yakafunga barabara, akakaa kwa shemeji yake tangu maharagwe yalipopandwa hadi yalipotoa maua.

Kila Ijumaa alisali nyuma ya imamu wa watu wengine, akiwaza wa kwake. Aliwaona wametawanyika, ng'ombe hawakatwi, maiti wanangoja. Aliumia sana. Ndani ya uchungu huo kulikuwa na utamu kidogo, ambao hakuuchunguza.

Barabara ilipofunguka alirudi juu ya magunia, akashuka moja kwa moja msikitini. Mlango ulikuwa vile vile alivyouacha, na buibui ametanda utando juu ya kufuli. Jumaine alisikitika kwa moyo mweupe, akaenda nyumbani.

Mke wake Hadidja ndiye aliyemvuruga. Alimweleza kwamba watu wanasali kila Ijumaa katika depo ya Muyisa, ghala la Mprotestanti anayeuza chumvi ya jumla, na Kambere ndiye anayesalisha. Nyama sokoni haijakosekana. Kuna mzee mmoja alifariki, akaoshwa, akazikwa vizuri.

"Nani aliwapa ruhusa?" Jumaine aliuliza.

"Baba Yasmine, ufunguo ndiyo ulibeba. Mungu hukumubeba."

Alikwenda kwa Muyisa, akiwa hajaamua kama anakwenda kushukuru au kulalamika. Muyisa alimkalisha juu ya gunia na kumsifia watu wake.

"Banapanga laini muzuri kuliko betu ku kanisa," alisema, kisha akalalamika akionyesha viatu vya Jumaine. "Mais bilato, mukubwa. Wateja banakuta bilato byote bile ku mulango, banazani kuko matanga."

Ijumaa Jumaine alifungua msikiti, na watu wote wakaja. Walipofagia na kutandika mikeka, Kambere alisogea pembeni.

"Papa Imamu, mahali yako ni hii."

Jumaine alisema barabara imemchosha, Kambere aendelee. Hakuwa amechoka. Alitaka watu wasikie tofauti kwa masikio yao wenyewe, na alijipanga safu ya kwanza, nyuma kabisa ya Kambere, ili asipitwe na kosa hata moja.

Hotuba ilikuwa fupi, na watu hawakuonekana kuumia kwa hilo. Rakaa ya kwanza ilipita salama. Katika ya pili Kambere alianza Sura ya Ghashiya, akaenda vizuri mpaka kwenye aya ya ngamia, mnyama ambaye Butembo hajawahi kufika. Baada ya ngamia inakuja mbingu, kisha milima. Kambere, mtoto wa vilima vya Vuhovi, alikimbilia milima, akajua amekosea, akarudi kwa ngamia, akasimama.

Imamu akikwama, anayejua nyuma yake humpa neno. Ndiyo kawaida, na safu nzima ilijua nani anajua. Jumaine aliona wazi kwamba akifunga mdomo kidogo tu, jioni hiyo cheo kitakuwa kimerudi kwake, na atakufa nacho, na siku hiyo watu wataharibikiwa kama walivyomuahidi. Alingoja kuliko inavyofaa.

Kisha akatoa neno la mbingu, kwa sauti ndogo. Kambere akalidaka, akapita mbinguni, akavuka milima bila tabu, akatua ardhini.

Baada ya sala Kambere alimfuata, jasho likimtoka. Jumaine alimuuliza sura ile aliitoa wapi, maana yeye hakumfundisha.

"Ni Mama Hadidja. Miaka yote anakusikia unasoma ku nyumba, alishika yote. Alinifundisha mimi na bengine." Kambere alifikiri kidogo. "Mais hata yeye anakwamaka pale ku ngamia."

Jumaine alirudi nyumbani polepole. Akamkuta Hadidja anasonga fufu, akakaa karibu na moto, akamwambia asome kuanzia kwa ngamia. Hadidja alimwambia ale kwanza.