Akili ya Université Mbili

Mbele ya meza yangu ya kuchajia simu, pale Naviundu, kijana na binti walikuwa wanachokozana. Kila mumoja na université yake, chuo chake kikuu. Kuko jeu moja ku internet, muchezo wa maulizo, inapanga ma-université kufuatana na akili ya banafunzi benye kuicheza. Walikubaliana: mwenye université yake itashindwa atabebea mwenzake bidon, dumu ya mayi, juma nzima.

Simu ya kijana ikabakia na moto kidogo mu batri. Akaniachia, jeu ikiwa wazi, akaenda kutafuta mukate. Mimi niliacha masomo mu mwaka ya sita ya primaire, lakini niko mukali wa akili. Nikacheza. Jeu haikuuliza ni mukono ya nani. Université yake ikapanda juu ya ingine zote.

Binti akaona ile ku simu yake mwenyewe, akanigeukia, akashika kiuno, akaniita kama mukubwa wake:

“Yaya, ni weye umecheza?”

“Ni mimi.”

“Na ulisomea wapi?”

“Hapa, ku meza.”

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akanisukumia simu yake. “Basi na mimi unichezee.”

Sasa université zote mbili ziko sawa kwa akili, kila muntu anabeba bidon yake, na mimi bado sijajiandikisha hata mu moja.