Kitufe cha Kupandishia

Kinanda changu kina kitufe kimoja ambacho kimenilisha miaka mingi, na hakuna kitu ninachokichukia kama hicho. Kiko upande wa kushoto, juu ya vibao, na maandishi yake yameshafutika kwa kidole changu. Ukikibonyeza mara moja, sauti zote za kinanda zinapanda nusu hatua. Ukikibonyeza mara mbili, zinapanda hatua nzima. Vidole havihami. Unaendelea kupiga palepale, kumbe wimbo mzima umeshanyanyuka, na aliyeshika maiki lazima aufuate huko ulikokwenda.

Wapigaji waliosoma hawakihitaji. Wao wakitaka kupandisha wimbo wanahamisha mikono, wanaingia kwenye vibao vyeusi, na uso wao unaonyesha kwamba kuna kazi inafanyika. Mimi sikusoma muziki popote. Nilijifunza dukani Kariakoo, nilipokuwa nauza vinanda na spika kwa bosi mmoja, mtu wa Kilimanjaro, aliyeniruhusu kupiga kwa sababu kinanda kilichonyamaza hakinunuliki. Nilijua kupiga mahali pamoja tu, kwenye vibao vyeupe, na mengine yote nilifanyiwa na kitufe. Nasema mapema ili mtu asije akanidhania fundi.

Duka lile ndilo lililonifundisha nguvu ya kupandisha. Mteja aliyekuja kujaribu spika hakuwa na subira ya kusikiliza wimbo tangu mwanzo. Tulikuwa tunausogeza mbele mpaka karibu na mwisho, pale ngoma inapokata kidogo, halafu kiitikio kinarudi kikiwa juu zaidi ya kilivyokuwa. Hapo mteja anatikisa kichwa. Hapo hata mbeba mzigo anayepita nje anapunguza mwendo. Nyimbo za mapenzi, za injili, za taarabu, karibu zote zilikuwa na mahali hapo, na bosi alisema hakuna mtu anayenunua spika, watu wananunua pale wimbo unapopanda. Nilikuwa nasikia mapando hayo kutwa nzima, jioni narudi chumbani kichwa kinagonga.

Mdogo wake marehemu mama yangu, ambaye maisha yangu yote nimemwita Mamdogo, alikuwa mwimbaji wa harusi. Aliishi Magomeni, katika nyumba ya vyumba sita aliyoachiwa na wazee, yeye na wapangaji wake. Ujanani alikuwa na kikundi cha taarabu. Kikundi kikasambaratika, kila mtu na sababu yake, akabaki yeye na sauti. Alipojua kwamba dukani napiga kinanda, alinifuata siku ya pili yake, akasimama katikati ya wateja akaimba beti mbili ili nimfuatishe, kisha akaniambia Jumamosi tuna kazi. Hakuniuliza kama nataka.

Kazi zetu zilikuwa za mchana. Ndoa imeshafungwa, wanaume wamekula wametawanyika, wanawake wanapanda ghorofani kwenye ukumbi fulani juu ya maduka ya mapazia, na ukumbi mzima mwanamume anakuwa ni mimi tu, nimejibanza pembeni na nyaya zangu. Mamdogo alikuwa na sauti nzito chini, na juu ilikuwa na mkwaruzo kidogo ambao watu waliufuata kutoka Temeke na Tandika. Alipenda kupandishwa. Alikuwa ananigeuzia bega la kulia, ndiyo ishara yetu, nami nabonyeza, naye anaingia huko juu akiwa anatabasamu.

Sasa, kuna desturi ambayo asiyekulia huku anaweza kuiona ya kipuuzi. Mwanamke akiinuka kumtuza mwimbaji, anakuja na watu wake waliovaa sare, na wimbo unapandishwa kwa ajili yake. Ile kupandishiwa ndiyo heshima yenyewe. Ukumbi mzima unasikia kwamba fulani amesimama na wimbo umesimama naye. Ukimpandishia mmoja na mwenzake usimpandishie, umeshatukana, na upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi wote wana masikio. Nimeona mawifi wakinuniana mwaka mzima kwa sababu ya nusu hatua.

Sauti ya Mamdogo ilianza kuharibika baada ya msimu mmoja wa harusi nyingi mno. Asubuhi iligoma kutoka, mchana ilitoka nusu. Nilimpeleka hospitali, daktari akapitisha mrija mwembamba wenye kamera puani, akatuonyesha kwenye kioo nyuzi zake za sauti zilizovimba, zina vinundu viwili. Alitueleza bila kuzunguka: anyamaze miezi mitatu, asiimbe, asipige kelele, na akiendelea kuilazimisha, kuna siku sauti itaondoka na huenda isirudi. Mamdogo aliitikia kwa kichwa, kwa adabu sana. Tulipofika nyumbani alimkaripia mpangaji aliyeacha bomba wazi.

Hata hivyo alijitahidi. Alinyamaza wiki saba. Wiki ya nane ilikuwa harusi ya binti wa rafiki yake wa tangu wangali wasichana, na ahadi ya kuimba ilitolewa kabla ya ugonjwa, sare ilishashonwa. Nilimwambia aende akakae kama mgeni. Akaniuliza kama nimewahi kumwona akikaa harusini, na kweli sikuwahi. Tukapatana kwamba ataimba wimbo mmoja tu, aliomtungia mama wa bibi harusi, na kwamba nitaupandisha mara moja, kwa ajili ya mama huyo, basi. "Mara moja naiweza," alisema. "Ya pili usinipe, baba. Ya pili sina."

Yaliyotokea siku hiyo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko wimbo wowote. Mama wa bibi harusi aliinuka na watu wake, nikabonyeza, Mamdogo akapanda, akafika. Nilishusha pumzi. Kabla hawajarudi kuketi, mama wa bwana harusi naye akainuka. Alikuja na wanawake kama kumi, amevaa dhahabu, anacheza taratibu, akamtuza Mamdogo, kisha akaja kusimama mbele ya kinanda changu, akanyanyua kiganja juu kidogo. Ananidai haki yake. Nyuma ya bega lake nilimwona Mamdogo anatikisa kichwa. Alitikisa kidogo tu, lakini nilimwona, na yeye aliona kwamba nimemwona.

Nilifikiria nini? Nilimfikiria bibi harusi, msichana wa miaka ishirini na mbili, anayekwenda kuishi kwa mama huyu kesho yake. Mkwe akiaibishwa na mwimbaji wa upande wetu, atakayelipia si mimi wala si mwimbaji. Ukumbi ulikuwa unasubiri. Wimbo ulikuwa unazunguka palepale, na kila mzunguko ulizidi kuonekana kama jibu la kumkatalia. Nikabonyeza. Mamdogo akafumba macho akapanda tena, na safari hii sikusikia mkwaruzo, nilisikia kitu kinavutwa. Halafu bibi wa bibi harusi, ajuza wa watu, akanyanyuliwa kwenye kiti chake na wajukuu wawili ili naye amtuze mwimbaji. Nani angeweza kumnyima? Nikabonyeza mara ya tatu.

Sauti ilichanika katikati ya neno, kama kanga inapochanwa dukani ziwe mbili. Mamdogo aliendelea kuimba juu ya mchaniko huo, nusu sauti nusu pumzi, machozi yanamtoka kwa maumivu. Nilitaka kukizima kinanda. Mkono ulikuwa juu ya swichi, naapa, na haukubonyeza, kwa sababu wakati huohuo ukumbi mzima ulikuwa umeanza kulia. Walidhani analia. Walidhani ameshikwa na uchungu wa kumwona mtoto wa rafiki yake anaondoka. Mama wa bibi harusi alimkumbatia huku akilia kwa kwikwi, mama wa bwana harusi akawakumbatia wote wawili, na vigelegele vikapasua paa.

Kulikuwa na simu nyingi zimenyanyuliwa. Jumatatu kipande cha video ya wimbo ule kilikuwa kimeshazunguka Kariakoo, na mwenye duka la jirani alinionyesha akidhani ananifurahisha. Wiki hiyohiyo simu zangu zikaanza kuita. Watu walikuwa hawajui jina la Mamdogo, walimtaka yule mama anayelia. Mmoja alitaka alie bibi harusi anapoingia. Mwingine aliuliza kama anaweza kulia mara mbili.

Niliwajibu wote kwamba mwimbaji anaumwa. Kosa langu ni kwamba nilimsimulia Mamdogo, nikidhani atacheka. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona wakati huo, daktari alikuwa ameshatugombeza wote wawili. Hakucheka. Alitaka nimtajie waliopiga, ni akina nani, wa mtaa gani. Miaka minne au mitano nyuma yake kazi zilikuwa zimepungua sana, wasichana wanakuja na muziki wao kwenye simu na wanachukua harusi zote, naye hakuwahi kulalamika mbele yangu. Sasa niliona uso wake umechangamka, na sikuwa na moyo wa kuuzima. Akasema atachukua kazi moja. Mimi na daktari tungeweza kusema mpaka kesho.

Nilipata wazo ambalo hadi leo naliona lilikuwa zuri. Kitufe kile kina mwenzake wa kushushia. Nikaushusha wimbo wake uleule hatua mbili nzima, nikamfanyia mazoezi sebuleni kwake, polepole, wapangaji wakisikiliza mlangoni. Huko chini bado sauti ilikuwepo. Ilikuwa nyembamba kuliko zamani lakini ilikuwa safi, na ilikuwa na upole ambao sikuwahi kuusikia kwake alipokuwa anashindana na spika. Nilimwambia tutabaki hapohapo chini, hakuna kupanda, atakayenuna anune. Alikubali.

Siku yenyewe mvua ilinyesha toka alfajiri. Jangwani, bonde la kuvuka kutoka Magomeni, palijaa maji, barabara ikafungwa, nami nikaomba, nasema kweli, nikaomba maji yasishuke. Saa sita yalikuwa yameshuka. Tukafika.

Aliimba vizuri. Nataka hilo liandikwe mahali, kwa hiyo naliandika hapa: aliimba vizuri kuliko siku zote nilizompigia, akiwa amesimama tu, maiki karibu na mdomo, kila neno likiwa mahali pake. Na ukumbi ulikaa. Waliendelea kula sambusa. Walitazamana. Simu zilikuwa zimenyanyuliwa zikingoja, baadaye zikaanza kushushwa moja moja. Hakuna aliyeinuka kutuza, kwa sababu hawakuona bado kilichowaleta. Ubeti wa pili ulipokwisha, mwenye shughuli alinijia pembeni, mama mwenye heshima zake, wala hakuwa na nia mbaya, akainama akaniuliza, "Mbona halii?"

Nilisema sijui nini. Nadhani nilisema bado. Mamdogo alikuwa ameona. Nilikuwa napiga kile kipande cha kinanda peke yake, naye akateremsha maiki, akaja akasimama karibu nami kana kwamba anarekebisha mtandio.

"Pandisha," alisema.

"Mamdogo, koo lako."

"Wamekuja kwa ajili ya pale. Nipeleke pale."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwa macho na kwa kichwa, mikono ikiwa kazini, na yeye akangoja, akinitazama kama alivyonitazama dukani siku ile ya kwanza, bila kuniuliza kama nataka. Naweza kusema nililazimishwa. Naweza kusema pia kwamba nilikuwa mwanaume mzima mwenye swichi mkononi. Yote mawili ni kweli na hakuna hata moja linalonisaidia. Nilibonyeza mara nne kurudi tulikoanzia zamani, na tatu tena juu yake.

Ukumbi uliruka. Waliinuka wote, sare zote mbili, vigelegele, simu juu, na kiitikio walikijua kutoka kwenye kile kipande cha simu, wakakiimba wenyewe kwa nguvu. Katikati yao Mamdogo alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, mishipa ya shingo imetoka, machozi yanateremka, na wanawake wanambandikia noti kwenye paji la uso. Hakuna aliyejua. Mimi nilijua, kwa sababu miguuni pangu nina spika ndogo inayonipa maiki ya mwimbaji peke yake ili nimfuate, na ndani ya spika ile kulikuwa na pumzi tu. Pumzi inaingia, pumzi inatoka, kwa mapigo sahihi kabisa, mpaka mwisho wa wimbo. Nikaendelea kupiga.

Sauti haikurudi. Walimfanyia upasuaji mdogo, tukangoja miezi, daktari akaangalia tena kwenye kioo chake, akakizima. Siku hizi naenda Magomeni kila Ijumaa baada ya swala. Namkuta barazani anachambua mchele, navua viatu, nasema shikamoo, halafu nautazama mdomo wake kwa makini, marahaba yake isije ikanipita.