Mtamba wa Usagara na Kadi ya Picha

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilikwenda Usagara kwa baba yangu mdogo kumchukua mtamba wangu nikamuuze. Mtamba huyo alitoka kwenye mahari ya dada yangu, akatengwa ili siku moja aingie kwenye mahari yangu mimi. Lakini nilikuwa kijana mwenye chumba cha gemu pale Igogo, na kuoa nilikuona mbali. Mjini duka moja lilikuwa limeleta kadi mpya ya picha, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta ili gemu zionekane vizuri. Kwenye boksi walichora maji, kila wimbi na kivuli chake. Nilichizika! Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Nilimwamkia baba mdogo, akaitika, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunigombeza. Kisha akauliza, "Gemu zinazoitaka hiyo kadi unazo?"

"Bado hazijatoka, baba. Zinakuja."

Akanyanyuka, akachukua nira ya kulimia, akanipeleka zizini kwa ndama dume wawili ambao hata pembe hawajaota. "Haya, wafunge ukalime."

Nilijua ananitania, ila mzee haambiwi hapana. Nira ikawaelemea shingo. Mmoja akalala chini, wa pili akaniburuta kwenye mavi, na mama mdogo akacheka mpaka akakaa chini.

"Nira haina kosa," akasema baba mdogo. "Wa kuivuta ndio hawajakua."

Nilirudi Igogo bila mtamba, nimenuna, nanuka. Gemu zenyewe zilichelewa sana. Zilipofika, kadi ile ilikuwa imeshapitwa, imetupwa rafu ya chini imejaa vumbi. Nilishusha pumzi pale dukani hadi muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Mtamba naye alikuwa amezaa mara mbili. Siku tulipopeleka ng'ombe kwa wazazi wa mama yako, yeye ndiye aliyetangulia njiani.

Sikukatazi vitu vipya, mwanangu. Mimi mwenyewe bado nachungulia maboksi hayo nikipita mjini. Ila ukiambiwa "zinakuja", ngoja zifike. Usikate kanzu, mwana hajazaliwa. Na kilichomo zizini mwako usikitoe kwa sababu ya ahadi ya mtu mwingine.

Mungu akupe subira, zizi lako lisikose maziwa, nawe siku moja ushushe pumzi kama ninavyoshusha mimi kila nikikuona umekaa hapo mbele yangu.