Bustani ya Asubuhi Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na jembe begani. Nilitoka Masisi, kwa baba yangu, ambako ukipiga jembe chini linazama lote, na nilijiona fundi kamili. Pale misioni, Masera, yule mtawa aliyesimamia bustani, alinionyesha mahali pa kuchimba. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Jembe likatoa cheche, likapinda, na maumivu yakanipanda mpaka shingoni. Masera alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniletea baramini, ile fimbo nzito ya chuma ya kuvunjia mawe, akaniambia, "Furaha, hapa Goma tunapanda maua juu ya volkano. Anza na chuma. Jembe itakuja kiisha."

Ninyi vijana mnapita mbele ya nyumba za kando ya ziwa, mnaona mawaridi juu ya ukuta, mnafikiri yamejiotea. Goma kinachojiotea ni vumbi tu. Chini yetu ni lava. Kwa kila mche unavunja shimo la kufika goti, halafu unalijaza: udongo mweusi wa kutoka upande wa Sake, mavi ya ng'ombe yaliyokaa muda mrefu mpaka yakapoa, na lava iliyopondwapondwa ili maji yasisimame kwenye mizizi. Udongo wenyewe ulikuja kwa magunia juu ya chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili. Wapagazi walinitania kwamba mimi ni mwanamke pekee mjini anayenunua shamba kwa gunia.

Masera ndiye aliyenifundisha butiri. Butiri ni kipande cha tawi unachokata ili kiwe mche mpya. Unakikata kwa mshazari, chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea. Unaondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, unakichomeka kikiwa kimelala kidogo, unakandamiza udongo kwa vidole viwili. Nikikosea alinirudishia kipande mkononi. Alitaka mkono ujue hata kama kichwa kinawaza mambo mengine, na mkono wangu ulijua kweli, maana hata leo nikikata sukuma wiki ya chakula naikata kwa mshazari.

Alikuwa na magazeti ya kwao yenye picha za maua ya prantani, majira yao ya machipuko, yale yanayoamka mwezi wa tatu theluji ikiondoka. Nilimwuliza prantani yetu sisi iko wapi. Akanyoosha kidole dirishani. Ilikuwa kiangazi, vumbi jeusi limekaa juu ya kila jani, na maji tunayapandisha kutoka ziwani, Kituku, kwa bidoni, yale madumu ya njano. Akaniambia ningoje mwezi wa tisa. Nikangoja. Mvua iliporudi, bustani ile niliyoidhani imekufa ilitoa maua ndani ya juma moja, nami nikazungukazunguka ndani yake siku nzima bila kufanya kazi yoyote. Masera aliniona, akaniacha.

Kutoka misioni nilihamia pepinieri ya mji, mahali pa kuotesha miche ya kupandwa barabarani na ya kuuzia watu. Shefu wetu alikuwa mtu wa tai, hata Jumamosi, na aliniita Madamu Jardinie, yaani mama mtunza bustani. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: usimwagilie maji jua likiwa kichwani, maana yanapata moto kwenye majani na kuyaunguza. Akimkuta mtu na arozwari saa sita mchana, ile ndoo ya mdomo wenye matundu, alimsogelea polepole na kumwuliza, "Uko unapika mboga, ao unanywesha maua?" Tulimwogopa kwa hilo tu. Kwa mengine alikuwa mpole.

Kisha wakimbizi wakavuka mpaka, watu wengi kuliko tulivyowahi kuona, wakajaa barabarani, makanisani na katika pepinieri yetu. Kuni hazikuwapo. Miche ikaingia motoni, na ua wa mikaratusi, na hata vibao vyetu vya majina. Nilimwona mama mmoja akichemshia mtoto wake maji kwa kibao kilichoandikwa "waridi nyekundu". Kilikuwa kinaishia. Nikamletea cha "waridi nyeupe". Nilihuzunika, sitadanganya, lakini mtoto alikuwa anatapika, na maji yalipaswa kuchemka.

Hapo ndipo nilipokutana na Mama Zuhura. Alikuja kununua miche ya waridi, akakuta mahema, moshi, na mimi nimekaa juu ya arozwari niliyoigeuza. Akaniuliza miche iko wapi. Nikamwonyesha majivu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema, "Basi nitachukua jardinie."

Mume wake, Papa Haji, aliuza vitenge. Ni mtu wa zile familia zilizotoka Maniema zamani, na safari zake zilikuwa Bunagana, mpakani, na kurudi. Parseli yao, kiwanja chao, haikuwa kubwa, lakini Mama Zuhura alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Asubuhi ya kwanza baada ya mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa, hata kama ni Jumatatu, alifungua malango yote mawili, akatandika mikeka katikati ya maua, akapika chai ya tangawizi na mandazi beseni zima. Kila jirani wa avenyu, barabara yao ile, alikuja na butiri moja na kuondoka na nyingine. Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti, wote walikanyaga tope lile lile. Papa Haji alilalamikia viatu vyake, huku yeye ndiye aliyemaliza mandazi. Jirani mmoja tu, Mama Kahindo, alikuja kila mwaka mikono mitupu. Alikuwa na dalia nyekundu, kubwa kama sahani, na kila mwaka alisema bado ni changa, haziwezi kukatwa. Mama Zuhura alimpa butiri hata hivyo.

Alipougua kifua na kujua hataamka tena, Mama Zuhura alituita mimi na binti yake. Zuhura alikuwa bado mwanafunzi. Mama yake akasema, "Siku Zuhura ataolewa, atoke mu hii nyumba kwa kupita mu maua yangu. Furaha, ile ni kazi yako." Nikamwitikia, "Ndiyo, Mama." Tangu siku hiyo nilimwagilia maua yale kwa ajili ya neno lile. Alitutoka kabla mvua haijarudi.

Miaka ikapita, vita vikaja, vikaenda, vikarudi. Zuhura akapata mchumba, dereva wa lori, kijana wa heshima, mtu wa Kisangani. Harusi ikapangwa mwezi wa tisa, makusudi. Kiangazi chote cha mwaka ule nilikula vumbi. Nilifunika mizizi kwa majani makavu, nikaomba maji ya kunawia na ya kuoshea vyombo, nikagombana na kuku wa avenyu nzima. Mwezi wa nane ulipoisha kila kitu kilikuwa na vitumba, yaani maua yaliyofumba yakingoja kufunguka.

Basi vita vikawaka upande wetu, kule Masisi, na watu wa vilima wakateremka mjini na magodoro kichwani. Papa Haji akafungua lango. Nilimkumbusha harusi. Akanijibu, "Maua inaweza kungoja, Mama Furaha. Batu habawezi." Zuhura mwenyewe alitoa mablanketi yake ya harusi. Nilifunga kamba kuzunguka maua, na akina mama wa vilima waliwafundisha watoto wao kutoivuka, nao hawakuivuka. Nasema hivyo kwa sababu watu husema mengi juu ya wakimbizi.

Kati yao alikuwa Muzee Bahati, mfugaji, ambaye kilima chake kinatazamana na cha baba yangu. Aliokoa ng'ombe wake wachache tu, na aliwafunga nje barabarani. Alhamisi, mimi nikiwa nimerudi kwangu, milio ya bunduki ilisikika upande wa mlima, naye akaogopa wasichukuliwe. Akamwomba Papa Haji awaingize ndani. Papa Haji akakubali mara moja.

Ijumaa asubuhi nilifungua lango nikasimama. Mawaridi hayakuwapo. Jeranyumu hazikuwapo. Ortansia zilikuwa vijiti. Ng'ombe walikuwa wamelala katikati ya kamba yangu, wameshiba, wakitafuna tena polepole, na mmoja alikuwa na petali nyeupe puani. Harusi ilikuwa kesho.

Papa Haji alitoka na kanzu yake, akaona, akashika kichwa. Maskini, alijua kila aina ya kitambaa kutoka hapa mpaka Kampala. "Mi nilijua ngombe inakula majani," akaniambia. "Hakuna mutu alinielezea inakula na maua." Muzee Bahati alilia bila kujificha. Alitaka kumtoa ng'ombe mmoja achinjwe harusini, kuomba radhi. Papa Haji akakataa, akamwambia ng'ombe wale sasa ndio nyumba yake, na mtu hachinji nyumba.

Zuhura alikaa kwenye ngazi, hina bado mbichi mikononi. "Mama alisema nitapita mu maua," akasema. "Sasa nitapita mu mavi ya ngombe?" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, nami moyo ukanivunjika, kwa sababu ile ilikuwa kazi yangu.

Sikukaa. Nilichukua kikapu nikatoka, nikapiga hodi nyumba kwa nyumba avenyu nzima. Sikuomba miche. Mche unahitaji miezi, mimi nilikuwa na siku moja. Niliomba matawi yenye maua wazi, ya kuchomeka tu ardhini, yasimame mpaka picha zipigwe. Kila mtu alijua ni bustani ya uongo, na kila mtu alikata. Wa kwanza alinipa ortansia za bluu, wa pili akaniita kabla sijafika kwake. Lango la Mama Kahindo nililipita. Akanifuata barabarani na dalia zake zote kifuani, zote kabisa, hakuacha hata moja. "Usiniangalie vile," akasema. "Kimbia nazo, kabla nijute."

Jumamosi asubuhi tulichomeka. Wale akina mama wa vilima walikunja vitenge wakapiga magoti pamoja nami. Mavi mabichi tuliyasukuma kando, maana huunguza, lakini udongo wenyewe ng'ombe walikuwa wameukanyaga na kuulainisha kuliko ninavyoweza mimi. Mmoja wa wale mama aliniuliza kwa nini nakata kila tawi kwa mshazari na kuondoa majani ya chini, wakati tunataka lisimame siku moja tu. Nilitazama mikono yangu. Sikuwa nimeiagiza.

Zuhura alipotoka mlangoni na nguo yake, majirani walikuwa wamepanga mistari miwili. Akasimama mbele ya ortansia. Mwenye ortansia akamwambia, "Hii ni ya mama yako. Alinipa mwaka nilihamia hapa." Akapiga hatua. Wa pili akasema margariti zile nazo zilitoka kwa mama yake, mwaka wa mtoto wake wa kwanza. Na wa tatu hivyo hivyo. Akatembea polepole, akisimama kwa kila mmoja, na alipofika langoni uso wote ulikuwa maji, wake na wetu. Mama Kahindo peke yake hakuwa na la kusema, maana dalia zilikuwa zake mwenyewe, kwa hiyo alilia kwa sauti kuliko wote. Hapo mvua ikashuka. Mpiga picha aliomba turudi ndani, hakuna aliyemsikia. Katika picha ile kubwa inayoning'inia kwa Papa Haji, pembeni kabisa, kuna sikio moja la ng'ombe. Walitaka likatwe, Zuhura akakataa.

Alikwenda Kisangani na mumewe. Baada ya siku chache matawi yale yalinyauka yote, kama nilivyojua. Nilitaka kuyang'oa, lakini watu bado walikuwa wamejaa uani, mvua inanyesha kila siku, na kazi nyingine zilinishika. Vilima vilipotulia wakarudi kwao. Muzee Bahati aliniaga kwa mikono miwili. Uwanja ukabaki wazi, nikainama kusafisha. Nilivuta kijiti cha kwanza cha ortansia. Kikakataa. Nikakivuta tena, kikakataa, na nilipokitazama kwa karibu kilikuwa na macho mawili ya kijani, machipukizi, kwenye kifundo. Nilipiga kelele mpaka Papa Haji akatoka mbio akidhani ni nyoka.

Si yote yaliyoshika. Mawaridi mengi yalikufa, na dalia zilikufa zote, jambo ambalo Mama Kahindo hunikumbusha kila tukionana. Lakini ortansia, jeranyumu na margariti zilishika, na bustani ile ya uongo ndiyo niliyoitunza mpaka nilipostaafu. Bustani ya Masera, ya siku yangu ya kwanza, leo iko chini ya lava mpya. Atakayetaka kuirudisha, baramini ninayo.

Mimi nimeacha kazi kwa sababu ya magoti. Yanakubali kuinama, tatizo ni kuinuka. Sasa Papa Haji anamwagilia mwenyewe, mzee yule, tena saa sita mchana. Nikipita pale namwuliza kama anapika mboga. Hapa kwangu nina shimo moja tu, nililovunja mwenyewe, na ndani yake ortansia moja, butiri ya kile kijiti kilichokataa.

Juzi mvua ilirudi. Asubuhi yake Zuhura akapiga simu kutoka Kisangani, kama anavyofanya kila mwaka. Yeye sasa ana binti aliyechumbiwa. Akaniuliza imenyesha? Nikasema imenyesha. Akaniuliza, "Na ile yenye ilikataa kutoka, iko?" Nikasogea mlangoni kuitazama.

"Iko," nikamwambia. "Imefungua maua tatu. Na mbuzi ya jirani iko inaichungulia. Acha simu, mama, nitakuita."